Maji Yasiyonuka

Jumatatu, 3 Machi
Si mafua. Nimenusa paprika jikoni nikapiga chafya tatu. Basi kwa nini sare yangu hainuki? Miaka kumi na tisa nahudumia wageni kwenye bwawa la maji moto ya kiberiti, miaka kumi na tisa narudi nyumbani nanuka mayai viza. Mume wangu Vendel hunifungulia mlango akisema, "Karibu, kimanda changu!" Leo kanifungulia bila utani. Na sare – sabuni tu.

Jumatano, 5 Machi
Bi Hedwig kafika kutoka Austria. Miaka themanini na mmoja, haoni, kila mwaka huja kutibu magoti. Nimemteremsha ngazini. Maji yamemfika kiunoni, akasimama. Akanusa. Akachota kiganjani, akaonja!
"Etelka mwanangu, supu hii mmesahau kuitia chumvi?"
Nikamwambia mabomba yanasafishwa. Maneno hayo sijui yametoka wapi. Hakuna aliyeniambia hivyo.
Nikimkausha mgongo, kasema daktari wake alitaka kumpasua goti mwezi huu. Kamkatalia. Kamwambia: mimi nina maji yangu Hungaria. Kwa maringo kabisa! Taulo ilinidondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya jaribio. Hereni za fedha za marehemu mama, nimezifunga kwenye kitambaa na kuzizamisha pembeni mwa bwawa tangu asubuhi. Zamani saa mbili tu zilitosha, fedha inakuwa nyeusi kama masizi. Leo nimezitoa saa nane mchana. Zinang'aa!
Kisha mkutano. Mkurugenzi wetu, Bwana Szilárd, anasema wageni wa siku hizi hawapendi harufu. Wafini wanakuja Pasaka, Wajerumani wamejaza Mei yote. Tutatia mafuta ya lavenda. Rózsi wa masaji kauliza kama maji yamepimwa mwaka huu. Bwana Szilárd kamsifia nywele. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Miaka yote Vendel huniletea ua moja la tulipu, tena limenyauka. Leo shada zima! Na chokoleti. Na vyombo kaosha. Nimeshukuru – na nimeogopa. Yeye ndiye msimamizi wa pampu ya kisima cha maji moto pale kazini kwetu. Funguo za huko hutundika kwenye msumari wa mlangoni hapa nyumbani. Msumari mtupu. Ziko mfukoni mwake, nazisikia zikilia akiinama.

Jumapili, 9 Machi
Nimemuuliza mezani, kisima kina nini. Kina maji. Maji gani? "Kula, supu inapoa." Nilipouliza mara ya tatu akapandisha sauti: tangu lini nimekuwa polisi? Kaacha supu yake, katoka kupogoa mizabibu. Jumapili!

Jumatatu, 10 Machi
Nimempelekea chakula cha mchana bila kuitwa. Mlango wa nyumba ya pampu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Pampu ya kisima imelala, ina vumbi. Kando yake boila mpya ya kuchemshia maji, na bomba la plastiki linalotoka kwenye maji ya mji. Yale yale ninayofulia soksi!
Vendel alikuwa amekalia ndoo.
"Tangu lini?"
"Januari. Tulianza kwa kuchanganya kidogo kidogo. Sasa kisima kimekufa, Etelka."
Anasema Szilárd alimwambia ni kwa muda tu, wachimbaji wanakuja. Hawajaja.
"Tukisema, panafungwa. Wanawake arobaini bila kazi, na wewe ukiwemo. Utaajiriwa wapi na mgongo huo mbovu?"
Eti kwa ajili yangu! Miezi miwili analala ubavuni mwangu na uongo huu, kumbe kwa ajili yangu. Nimeacha bakuli kizingitini nikaondoka. Linaloniudhi zaidi – kuhusu mgongo kasema kweli.

Jumanne, 11 Machi
Bi Hedwig kapanda ngazi bila fimbo! Ngazi zote tisa. "Mmeona? Maji yananijua!" Wageni wakapiga makofi, Bwana Szilárd akampiga picha ya tangazo. Nimechanganyikiwa. Labda ni joto tu. Labda kuamini kunatosha.
Lakini baadaye nimemkuta peke yake kwenye chumba cha nguo, ameuma taulo kwa maumivu. Hakujua nimeingia.
"Ni mimi, Bi Hedwig."
Akaitoa mdomoni upesi. Akatabasamu – upande ambao sikuwepo.

Jumatano, 12 Machi
Mapumziko yangu. Naandika jikoni. Bi Hedwig yuko uani kwetu! Kaja na teksi. Dirisha liko wazi, nasikia yote. Daktari wake kampigia simu, nafasi ya kupasuliwa bado ipo, anataka jibu leo. "Nimekuja kumuuliza Etelka kama niende au nibaki na maji. Yeye hajawahi kunidanganya."
Vendel kamwambia sipo.
"Basi nitamngoja."
Kamletea kiti. Kisha kaingia huku, kafunga mlango, kauegemea.
"Atachoka, ataondoka," ananong'ona.
"Hachoki huyo."
"Etelka, arobaini."
Najua. Rózsi ana watoto watatu. Najua! Huko nje mama wa watu amekaa wima, mkoba magotini, uso kauelekeza barabarani anakodhani nitatokea.
Nimesimama, naandika nimesimama. Nimemwambia Vendel anipishe, nikamwambie ukweli. Hajasogea. Nimemwambia tena. Hanitazami, anatazama viatu vyake, na mkono wake uko kwenye kitasa –