Namwombea Apone

Shoga, acha unachofanya usome. Ndiyo natoka mahakamani.

Shemeji hana hatia. Kamuua dada yangu, halafu hana hatia! Anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Daktari kasema siku ile hakujua anachofanya. Hakujua! Na mlango alifunga kwanza, na redio akaiongeza sauti. Wakili wetu kamuuliza hilo hilo. Daktari kajibu taratibu, kama anamfundisha mtoto: "Hata hayo ni ugonjwa. Mbele yake hakumwona mkewe. Alimwona adui."

Adui. Dada yangu, na kanga yake ya jikoni.

Nje, mama yake shemeji kanishika mikono. "Mwanangu, usimlaani. Mwombee apone."

Nikamwambia, "Namwombea, mama. Kila siku."

Akanikumbatia akilia, eti nina moyo wa malaika. Malaika, mimi!

Lakini sikumdanganya, shoga. Namwombea kweli. Dawa zimkubali, akili imrudie yote. Aamke asubuhi moja akiwa mzima kama mimi na wewe, amwone aliyekuwa mbele yake siku ile ni nani.

Halafu Mungu ampe maisha marefu.