Nusu Yako ya Hesabu

Nyemo,

Nimekaa dirishani kwetu bwenini, Jumamosi mchana, na upepo umejaza vumbi hadi kwenye chai yangu. Nimeshaanza barua hii nikaichana. Naandika, nainuka, nazunguka vitanda, narudi. Matroni ameniuliza kama nina minyoo.

Kitanda chako amepewa msichana wa kidato cha tano. Ni mpole, ila anakoroma kuliko wewe, na wewe nilidhani ndiyo mwisho. Mwanzoni nilimchukia bure.

Nina hasira na wewe pia. Kugawana hesabu za Advance lilikuwa wazo lako, si langu. Ulisema ugonjwa wako wa selimundu utakutoa darasani mara kwa mara, hivyo kila mtu ashike nusu yake kisha amfundishe mwenzake: mimi kalkulasi na takwimu, wewe vekta na namba changamano. Nusu yangu nilikufundisha yote. Yako ulinigusia mwanzo tu, ukaenda nayo likizo kwenu Bahi, ukaugua, halafu tukapigiwa simu kwamba umefariki. Sasa mwalimu akiandika vekta ubaoni nakaa nikisubiri mtu wa kunieleza baadaye alichomaanisha. Mtu huyo hayupo.

Mtihani wa majaribio wa Advance nilipata F. Mwalimu wa taaluma akaniita. "Salma, hama PCM, nenda kombi ya masomo isiyo na hesabu za Advance. Usajili haujafungwa. Jumatatu nipe jibu." Baba naye kapiga simu kutoka nyumbani Busi, anasema bora kuhama kuliko kufeli. Lakini bila Advance, ule uhandisi wa maji tuliopanga kwenda kuusoma wote wawili ndiyo basi tena. Ningekwambia nahama, wewe ungenicheka tu, na kicheko chako ndicho kinachoninyima raha.

Halafu kuna mama yako. Wiki iliyopita niliomba ruhusa nikaenda Bahi kumwona. Nilimkuta jikoni anasonga ugali wa uwele. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanisogezea kigoda. Kisha akasema, "Nyemo alikuwa akisonga ugali anaongea hesabu zenu humu humu. Mimi sikuelewa hata kidogo, ila nilizoea kusikia. Hebu na wewe niambie."

Nikaanza, kama ulivyonianzia mimi. Nikamwambia tuna vekta mbili, yaani mishale miwili imelala juu ya ugali. Tunaizidisha, na jibu ni mshale wa tatu, huu mwiko uliosimama katikati. Mama yako akauangalia mwiko. "Na kwa nini jibu lielekee juu? Kwa nini lisielekee chini?"

Nyemo, sikujua. Ulinionyesha mwiko, ukasema sehemu iliyobaki utaimalizia tukitoka likizo. Nikamwambia nitamjibu siku ya arobaini yako, nikala ule ugali na mlenda bila kuinua uso, nikakimbilia gari.

Tangu siku hiyo sijatulia. Kwenye foleni ya uji nageuza mkono hewani, wenzangu wananikwepa. Jana baada ya vipindi nikakaa sakafuni na peni mbili, na mswaki badala ya mwiko. Nikakunja vidole vya mkono wa kulia kutoka peni ya kwanza kwenda ya pili, kidole gumba kikaelekea juu. Nikaanzia ya pili kwenda ya kwanza, kikaelekea chini. Kumbe ni hivyo tu, inategemea unaanzia wapi. Nikacheka, kisha nikalia mpaka yule mkoromaji akaja kunishika bega. Nimekukumbuka sana, rafiki yangu, hata sijui nikwambieje.

Ni swali moja tu hilo. Namba changamano sijazigusa, na huenda nikapata F nyingine. Lakini Jumatatu namwambia mwalimu kwamba nabaki. Baba nitamtafutia maneno.

Pumzika, Nyemo wangu, huko mifupa haikuumi tena. Siku ya arobaini yako nitakuja Bahi, nitashika ule mwiko, na nitamweleza mama yako mpaka mwisho. Nikikosea, yeye hatajua. Ndiyo maana sitaki kukosea.

Wako,
Salma