Barua Tatu Zilizozuiwa

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie yake. Natumai kifua chako kimepoa sasa kwa kuwa ukungu umepungua huko milimani, na macho ya Mama hayajazidi kumsumbua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu simu zako nazijibu kwa maneno mawili matatu. Haya ninayoandika nisingeweza kuyasema kwa simu bila kulia.

Unajua ofisi yetu ya Ganjoni huwatafutia mabaharia kazi melini. Mwanzoni mwa mwaka walizuka matapeli, wakawa wanawaandikia vijana barua pepe kwa jina letu na kuwaahidi kazi ambazo hazipo. Kwenye barua pepe, Baba, jina la mtumaji mtu yeyote aweza kulighushi. Bwana Murtaza, mwenye ofisi, akaniita. "Wakio, wewe ndiye fundi wa kompyuta. Lizibe hili."

Nikaliziba. Nilitangaza kwenye mtandao ni seva ipi pekee, yaani kompyuta ya kusambaza barua, inayoruhusiwa kutuma kwa jina letu, nikaipa kila barua inayotoka saini ambayo kompyuta ya mpokeaji huikagua, nikaagiza kwamba isiyothibitika ikataliwe. Utapeli ukapungua na Bwana Murtaza akanisifu mbele ya wote. Sifa zile zilinipanda kichwani. Bila kuagizwa na mtu, nikakaza pia kichujio cha barua zinazoingia: yoyote ambayo seva yake haikuthibitika, iwekwe kando pamoja na barua taka, isimfikie karani mpaka niikague mwenyewe. Nilizikagua kila asubuhi. Hakuna mwingine aliyejua pa kuzitazama.

Kisha Mama akanipigia kwamba shangazi amefariki, nikaja nyumbani siku nne kwa matanga. Niliondoka bila kumwonyesha mtu zinakowekwa barua zilizozuiwa.

Asubuhi niliyorudi kazini nilimkuta Bi Rukia ameshakaa kwenye benchi la mapokezi. Ni mjane wa Bondeni, na mwanawe wa pekee, Salim, tulimpeleka melini kuwa mpishi. Wakiwa katikati ya bahari simu hazishiki, kwa hiyo Salim huandika kwa kompyuta ya meli, na mama huja kwetu kuuliza.

"Sabalkheri, mwanangu. Salim kaandika?"

Nikafungua sanduku la barua zilizopita kichujio, nikatazama. "Hajaandika, mama."

"Wiki nzima? Si kawaida yake."

"Labda kazi zimemzidi."

Akajitanda buibui lake, akashuka ngazi polepole huku akishika ukuta.

Ilikuwa karibu na adhuhuri nilipozifungua zile zilizozuiwa. Tatu zilikuwa za Salim. Seva ya meli yao haikuwa imesajiliwa sawasawa, kichujio kikazihesabu kuwa za kughushi. Katika ya kwanza alisema tumbo linamkata upande wa kulia na nahodha anampa vidonge tu, akaomba tuzungumze na wenye meli ashushwe bandari ya karibu. Katika ya pili alisema ana homa na hawezi kusimama jikoni. Ya tatu ilikuwa fupi. Zote tatu hazikuwa zimejibiwa.

Nilizipeleka kwa Bwana Murtaza. Akawapigia simu wenye meli papo hapo. Wakamwambia Salim alishushwa juzi, kidole tumbo kimeshapasuka, na amefia hospitali alfajiri ile. Daktari alisema angefikishwa siku mbili mapema angemwokoa. Walimzika huko huko ugenini.

Tulikwenda Bondeni, mimi na Bwana Murtaza na imamu wa mtaa. Bi Rukia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hakuwaandikia?"

"Maradhi yalimshika ghafla, Bi Rukia," akasema Bwana Murtaza. "Hakuwahi."

Mimi nilikuwa nimeketi mkekani, nikaitazama miguu yangu. Tulipokuwa tukirudi Bwana Murtaza akaniambia, "Nimekukinga wewe, na nimeikinga ofisi. Kumwambia hakutamrudisha mwanawe." Simchukii, Baba. Alikuwa akiendesha gari huku machozi yakimtoka.

Nilivumilia wiki tatu. Juzi Ijumaa nikazichapisha zile barua, nikaenda peke yangu.

"Mimi nasoma Kiarabu tu," akasema Bi Rukia. "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye ile ya tatu, pale Salim alipoandika, "Mama akija hapo ofisini msimtie hofu, mwambieni nakula vizuri," alinyoosha mkono akanizuia.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Siku ile niliyokuja kukuuliza, hizi zilikuwako?"

"Zilikuwako, mama. Mimi ndiye niliyezizuia. Sikujua."

Alizichukua mkononi mwangu, akazikunja.

"Karatasi niachie," akasema. "Wewe enda. Na usinijie tena."

Jana nilimweleza Bwana Murtaza kwamba nimemsomea Bi Rukia zile barua. Hakunifukuza, ila aliniitikia kwa kichwa tu, akaendelea na kazi yake. Kichujio nimekilegeza, na makarani wawili wanajua sasa pa kutazama. Barua taka zinaingia kwa wingi, wanalalamika, nami nawaacha walalamike. Bondeni sitaki kupita tena. Leo nilipotoka kanisani nilizunguka njia ndefu.

Nisalimie kaka Mwadime na mkewe, na mdogo wangu Mghoi, mwambie asiache masomo. Nisalimie mjomba wa dukani, na watoto wa marehemu shangazi.

Mama atakuomba umsomee barua hii. Najua utataka kuruka pale pa matanga, asije akajilaumu kwamba yeye ndiye aliyeniita. Usiruke, Baba. Msomee yote.

Binti yako,
Wakio