Kambale wa Mama Yuko na Ufa wa Nyumba Yetu

Dar es Salaam

Kwako Baba Bukuru,

Pokea salamu zangu mimi mkeo. Mimi ni mzima, ni mafua tu ya feni za huku. Kwanza mpe mama shikamoo yangu, umwambie ile dawa ya goti ni ya kuchua, asije akainywa tena. Wewe hujambo? Kifua kimetulia? Wifi yangu Jovina, bibi harusi wetu, nampa hongera, ale ashibe, asikonde kwa mawazo ya uchumba. Wanangu mapacha, Bukuru na Butoyi, hawajambo? Bukuru akijikojolea usimpige, ataacha mwenyewe. Yule mbuzi mwekundu amezaa? Na shemeji Filbert naye nimemsalimia, asije akasema nimemruka, ingawa leo salamu yake imenitoka kwa shida.

Sasa nimemaliza kusalimia. Nimekasirika, Baba Bukuru. Soma ukiwa umekaa. Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako kila nikipiga anapokea mdogo wako Filbert, anasema "tuko salama shemeji," anakata.

Filbert huyo alituma picha ya nyumba yetu kwenye simu ya Mama Yuko, yule mama wa Kijapani ninayempikia, maana simu yangu haipokei picha. Nyumba imesiribwa, inang'aa chokaa, mapacha wamesimama mbele wanacheka. Mimi mjinga nikafurahi. Nikamwonyesha hata mlinzi wa geti. Nikasema, tazama, nyumba yangu ya kijijini Kirushya imepona tetemeko.

Jumamosi nikawa nafuta vumbi chumbani kwa Mama Yuko. Pale ukutani ana picha ya samaki mkubwa, watu wamemzunguka. Siku zote nilidhani ni tangazo la wauza samaki. Siku hiyo nikaitazama vizuri nikaona ni kambale, na wale watu wanampiga.

Nikamwuliza, "Mama Yuko, huyu kambale kawakosea nini?"

"Ametikisa nchi," akasema. "Zamani kwetu watu walisema chini ya ardhi amelala kambale. Akijigeuza, nyumba zinaanguka."

Nikacheka. "Na magari yenu yote yale, mnaamini kambale?"

"Na wewe Mama Bukuru, na kanisa lako lote, mbona hutaki kufagia usiku?"

Akaniweza hapo. Lakini moyo haukutulia. Nikamwambia, watu walikufa, mtu atoke kufiwa akae kuchora samaki? Akaishusha picha akanieleza. Mtu alichonga ubao, akaupaka wino, akalaza karatasi juu akaikandamiza, moja baada ya nyingine, zikauzwa barabarani vifusi vikiwa bado vimelala. Akasema, "Walikuwa na hasira. Tetemeko huwezi kulipiga. Samaki unaweza."

Kuna mwanamke pale kainua mwiko, Baba Bukuru. Nilimtazama nikamwona kama mimi. Lakini pembeni kuna wanaume wenye misumeno na mwiko wa kupigia lipu. Hao hawapigi, wanawazuia wenzao. Nikauliza, hawa nao vipi?

"Ni mafundi. Nyumba zikianguka, wao wanapata kazi. Wanamtetea kambale."

Haki ya Mungu nilimwona fundi wetu Filbert. Hata mashavu ni yake!

Nikamwomba aifungue tena picha ya nyumba yetu. Akaikuza kwa vidole. Nikatafuta ule ufa wa tetemeko, unaotoka dirisha la watoto mpaka chini. Nilipokuja likizo niliingiza ngumi yangu yote humo, wewe unanitazama, ukasema watoto hawatalala tena chumba kile. Ufa haupo. Ni chokaa tupu.

Nikapiga kwa jirani yetu Mama Sefu, nikaomba aniitie Butoyi. Akaja anahema. "Mama, nyumba imepona! Baba mdogo kaitengeneza. Tumerudi kulala chumbani kwetu. Ila mchanga unatudondokea machoni, Bukuru analala kajifunika beseni." Akacheka sana. Nikamwambia wasilale humo tena, akasema mpaka baba aseme.

Beseni! Mwanangu anazuia ukuta wa tofali mbichi kwa beseni la plastiki, na baba yake yupo!

Najua kilichowasumbua. Wakwe wa Jovina wanakuja kutoka Nyakahura na ng'ombe, mkaona aibu. Desturi hiyo naijua. Nimesiriba nyumba nyingi wakwe wakisubiriwa, tukakanyaga udongo na samadi tukiimba, tukanywa pombe ya ndizi jioni. Lakini tulisiriba nyumba iliyochakaa. Nyumba inayoanguka haisiribwi! Na hao majirani walioitwa kazi, ufa wote waliujua, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo? Au mdomo ulikuwa kwenye mtungi? Na wewe ulikuwa wapi? Usiniambie ulikuwa unachota maji ya udongo.

Wale Wajapani tetemeko lao walilitoa hadharani, kila mtu alione alitukane. Nyinyi ukuta mbovu mmeuvika nguo ya harusi, mkawalaza wanangu chini yake.

Sasa nisikilize. Ukimaliza kusoma, watoe watoto mle ndani, na mama pia. Walale kwenye banda la jiko, lile la miti na nyasi. Hilo likianguka litawakwaruza tu. Kisha chukua jembe, ukwangue chokaa yote mpaka ufa uonekane. Wakwe wakija wauone. Wakiuliza, waambie nchi ilitikisika, hata kwao Nyakahura ilitikisika. Kama ni watu wa kuoa watatusaidia kukanyaga udongo wa tofali mpya. Kama wanaoa chokaa, warudi na ng'ombe wao. Na Filbert aubomoe ukuta ule kwa mikono yake, bila pombe.

Nisalimie katekista wetu, mwalimu wa mapacha, na Mama Sefu umshukuru kwa simu yake. Wanangu waambie mama hajawakasirikia wao.

Nijibu upesi, Baba Bukuru. Maneno ya "tuko salama" sitaki kuyasikia. Omba simu ya Mama Sefu, nitumie kwa Mama Yuko picha ya ufa wenyewe, uko wazi, na chumba kitupu. Nikiuona ufa nitalala.

Mkeo akupendaye hata leo,
Mama Bukuru