Msamaha kwa Waliotoroka Jeshini

Shule ya Misheni, Ha Lebusa,
Wilaya ya Mafeteng,
Basutoland.
14 Julai 1946

Mpendwa mdogo wangu Molupe,

Amani iwe nawe huko uliko. Hapa theluji imeshuka hadi vilima vya karibu, na ilibidi niuweke wino kando ya moto kabla ya kuanza kukuandikia. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kimepona? Vumbi la matofali si kitu cha kuchezea. Kunywa maziwa ukiyapata.

Sisi wazima. Baba bado anagombana na kondoo kana kwamba ni watu. Macho ya Mama yanafifia, lakini mtama bado anausaga mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mkeo MaKeneuoe hajambo. Keneuoe ametimiza miaka minne na anapanda punda peke yake, tena bila kamba.

Sasa soma polepole. Serikali imetoa msamaha kwa askari waliotoroka. Hutafungwa. Tangazo nimelisoma kwa macho yangu, na nimeona mtu akiingia ofisini mtoro na kutoka huru. Nitakueleza yote yalivyokwenda, usije ukadhani ni maneno ya kwenye pombe.

Yalianzia kwa kondoo. Mwezi wa Juni Baba alinunua madume mawili ya merino kwa Kaburu mmoja ng'ambo ya mto Mohokare, maana sufu yetu imekuwa hafifu. Darajani akazuiwa. Mkaguzi wa mifugo alimwambia kuna kanuni mpya: kondoo yeyote anayeingia nchini lazima awe na kibali, akaguliwe upele, kisha aogeshwe mara mbili. Madume yakabaki kwenye zizi la serikali. Baba akaja shuleni kuniomba twende mjini, nikamsomee hiyo kanuni neno kwa neno.

Ilikuwa imebandikwa ukutani nje ya ofisi ya Bwana Mkuu wa Wilaya, karatasi ndefu yenye mambo mengi. Juu kulikuwa na majina ya walioteuliwa. Nikamsomea Baba kwamba MaTumelo, mjane wa marehemu mkuu wetu, amethibitishwa kuongoza kijiji hadi mwanawe akue. Baba aliguna kwa furaha. Unamjua Letlatsa, shemeji wa MaTumelo aliyekuwa akikaimu ukuu. Tangu uondoke hakumruhusu Baba kusema neno barazani. Akiinuka tu, Letlatsa humuuliza kama baba wa mtoro naye ana la kutufundisha.

Chini ya uteuzi yakafuata maneno ya watoro wa jeshi. Nikanyamaza. Polisi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka tulipokuwa.

"Mbona kimya?" Baba akauliza. "Kondoo wako wapi?"

"Wako chini, Baba. Nawafikia."

Nikamsomea ya kondoo. Nilimwambia habari zako tulipokwisha kupita josho, ambako hapakuwa na mtu. Alimsimamisha farasi. Kisha akasema huo ni mtego, kwamba ng'ombe aliyepotea huitwa kwa chumvi hivyo hivyo. Akanikataza kumwambia Mama wala mkeo, na kukuandikia pia. Ndiyo maana barua hii imechelewa wiki tatu. Nisamehe.

Aliyetufungulia njia ni Sekoala, mwana wa Rantai, ambaye mlichelewa naye treni ile ile ya kurudi kambini. Miaka yote hii alikuwa kwenye vibanda vya wachungaji kule milimani, na mama yake alimpelekea unga kwa siri. Habari zilimfika, akashuka mchana kweupe, ndevu zimemfika kifuani, bado amevaa lile koti refu la jeshi. Alikuja moja kwa moja kwetu. Baba alimweleza hofu yake. Sekoala alimsikiliza hadi mwisho, akasema: "Mzee, nimechoka kuishi na mbuzi. Wakinifunga, angalau jela ina paa."

Tukamsindikiza, Baba na mimi. Aliingia ofisini asubuhi, sisi tukabaki nje na farasi. Jua lilipanda, likafika utosini. Baba aliwasha kiko na kukizima mara sita au saba. Mara moja mlango ulifunguka, akatoka polisi ameshika pingu. Nikadhani ni za Sekoala, kumbe anampelekea mwenzake tu. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mama yake Sekoala.

Hatimaye akatoka. Hakuwa na koti. Walikuwa wamemuuliza namba yake, alikokuwa, na kama ana bunduki. Kisha wakamwambia koti ni mali ya serikali, alivue. Akasimama pale barazani na shati lililochanika mgongoni, meno yakigongana kwa baridi, ameishika karatasi yake ya msamaha kwa mikono miwili. Alitunyoshea tuisome. Baba akamwendea, akavua blanketi lake mwenyewe, lile la kahawia analovaa kanisani, akamfunika nalo mabegani na kumfunga pini. Nilimwona Baba analia, Molupe. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika Bibi.

Hapo nikaingia mimi. Karani alifungua kitabu kikubwa, akalipata jina lako na namba yako. Aliniuliza kwa nini ulichelewa, nikamwambia ukweli: ulipewa ruhusa ya siku nne, mkeo akashikwa na uchungu, ukashindwa kumwacha. Akaniangalia, akasema kwamba mengi ni ya namna hiyo. Masharti ni mawili. Uje mwenyewe, hakuna wa kukuwakilisha, na uwe umefika kabla ya tarehe thelathini Septemba. Baada ya siku hiyo sheria inarudi ilivyokuwa. Chochote cha jeshi ulicho nacho, mkanda, viatu, hata vikiwa vimeoza, uje navyo.

Madume ya Baba yalipata kibali wiki iliyofuata na sasa yamo zizini. Watu wakiyasifu, yeye huwaambia, "Mimi nilikwenda kuulizia kondoo, nikapewa mwana." MaTumelo naye amemwita barazani na kumpa kigoda chake cha zamani. Letlatsa alikuwepo, akatazama chini.

Kuna jambo moja zito. Wenzako wengi wamerudi kutoka Misri na Italia, lakini Lefa, jirani yetu, hakurudi. Meli yao ilizama. Mama yake alimtazama Sekoala akipita na akaingia ndani bila kumjibu salamu. Sekoala alirudi kesho yake na keshokutwa yake, akamkatia kuni, bila kusema neno, na siku ya nne akapewa uji. Ukifika, nenda kwake kabla hujapokea pongezi za mtu yeyote. Usiende na maelezo. Nenda ukaketi.

Mama nilimwambia Jumapili iliyopita. Hakupiga kigelegele kama nilivyotazamia. Aliuliza tu ni siku ngapi kutoka huko kwako Bloemfontein kwa gari moshi, kisha akaenda kuanika mkeka wako juani. Mkeo alicheka mpaka akakaa chini, halafu akamwosha Keneuoe kichwa kana kwamba unafika kesho.

Wanakusalimu Baba na Mama, MaKeneuoe na mwanao, Sekoala na wazazi wake, mchungaji wetu, na watoto wa darasa la tatu ambao hawakujui lakini wamesikia. Wasalimie waliokupa pa kulala huko. Waambie kwetu wana nyumba.

Kwenye bahasha nimeandika Petrose Mokoena, kama ulivyoniagiza miaka yote hii. Mkono wangu haukuwahi kulizoea jina hilo. Njoo kwa daraja, mchana, usivuke mtoni. Mlinzi akikuuliza wewe ni nani, mwambie Molupe Lebusa, wa Ha Lebusa, na umwambie kwa sauti.

Mungu akulinde njiani na mvua ya baraka itangulie mbele yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Puseletso