Mdogo Aseme Kwanza: Kwa Baba Yetu, Daktari Simeon Nderitu

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotuacha, na bado kila Jumamosi tunapanga viti sebuleni kama kwamba utaingia ukiuliza nani amekunywa chai yako.

Jumamosi hizo Kawangware nzima ilizijua. Madaktari walikuja kwako: aliyemaliza chuo juzi, anayesomea upasuaji na kuogopa mtihani, hata mzee Musau ambaye mikono ilianza kumtetemeka. Yeye ulimwambia bila kuzunguka aache kisu afundishe, kisha ukamtafutia mahali pa kufundisha. Wengine uliwaazima vitabu vyako, ukawahoji mpaka wakatoka jasho, halafu ukawalazimisha kula. Ulikuwa mkali, Baba, na mchoyo wa kusifu. Lakini hukumwacha mtu njiani.

Sheria yako ilikuwa moja. Kabla ya kuamua lolote juu ya mgonjwa, mdogo aseme kwanza. Ulisema mkubwa akishatamka, wadogo hufunga mdomo, na anayeumia ni mgonjwa.

Mwaka jana ukatuficha tumbo lako. Mganga hajigangi, nawe ulikuwa ukitafuna vidonge vya kiungulia na kutuambia ni maharagwe ya Mama. Ulipoanguka, kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka zamani. Hospitalini zamu ilikuwa ya Murunga, kijana wa Sarang'ombe, kule Kibera, uliyemlea kwenye Jumamosi zako tangu alipoanza kazi. Hapakuwa na muda wa kumsubiri mwingine. Ukiwa umelala pale kitandani, ukamwambia, "Wewe ndiye mdogo hapa. Sema."

"Daktari, naogopa."

"Vizuri. Asiyeogopa nisingempa tumbo langu."

Akakupasua, nawe hukuamka tena. Madaktari bingwa walituambia kijana hakukosea, ni wewe uliyechelewa. Baba mkubwa Ng'ang'a hakutaka kusikia. Matangani alimwonyesha Murunga kidole mbele ya watu, na tangu siku hiyo Murunga hakushika kisu tena. Akawa anaandikia watu dawa za kikohozi na kukwepa njia ya kwetu. Ilituuma sana, Baba. Tulikuwa tumemzika mmoja, na sasa tunampoteza wa pili.

Jumamosi iliyopita Mama alimfuata mwenyewe Kibera, akarudi naye. Baba mkubwa alikuwa tayari sebuleni, amekuja tupange tangazo hili. Alipomwona kijana akasimama.

"Wangoi, huyu ndiye aliyemmaliza ndugu yangu, na bado unampikia chai? Jina lake likitokea gazetini, langu mliondoe."

Mama hakuinua sauti. "Kaa, Ng'ang'a. Hapa mdogo husema kwanza."

Tukamgeukia Murunga. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, naogopa. Sijaacha kuogopa tangu siku ile. Lakini Jumatatu kuna mama anangoja kupasuliwa tumbo, na nimewaambia hospitalini nitampasua mimi."

Baba mkubwa alikaa. Chai yake ilipoa mbele yake. Alipoondoka alimpita Murunga bila kumpa mkono, ila alisimama mlangoni akauliza, "Saa ngapi hiyo Jumatatu?"

"Asubuhi, mzee."

"Basi Jumapili ulale mapema."

Leo ndiyo Jumatatu. Unayesoma haya asubuhi, mwombee mama aliyelala mezani, umwombee na aliyeshika kisu. Sisi tumekaa karibu na simu ya jirani tukingoja habari. Majina yote mawili, la Murunga na la Baba mkubwa, tumeyaweka, na atakayekasirika atatukuta nyumbani.

Tunaokukumbuka, tukianza na mdogo kama ulivyotufunza: mwanao Murunga; binti zako Wamucii, aliyeandika haya, na Muthoni; mkeo Wangoi; na kaka yako Ng'ang'a.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Jumamosi mlango uko wazi.