Nusu Filamu ya Zuhura

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, mtaa umejaa maji, na moyo wangu ndio usiseme. Mjukuu wangu aliponifungulia ukurasa huu wa mtandaoni alitaka niandike mapishi. Leo hakuna mapishi.

Leo nimemsindikiza Zuhura hospitali. Si ndugu yangu wa damu. Mama yake, Bi Mosi, mtu wa Kilwa, alikuwa amepanga chumba kinachotazamana na changu katika nyumba moja Kariakoo, enzi zile za Ujamaa, na huyo mtoto nilimsuka nywele tangu ana miaka saba. Sasa ni bibi kama mimi. Amechechemea maisha yake yote, na nyonga yenyewe sasa imechoka, halali bila vidonge, wanafikiria kumwekea ya bandia.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga picha za eksirei. Niliifanya mpaka nikastaafu, lakini leo nilitembea kwenye korido ile kama mgeni. Kila mlango na kibao chake. Daktari wa picha za watoto, peke yake. Wa ubongo na uti wa mgongo. Wa matiti. Yuko mpaka anayetibu hapo hapo, anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa huku akitazama kwenye skrini, na mgonjwa hapasuliwi. Kumbe wote hao ni madaktari wa picha, ila kila mmoja amechagua kipande chake cha mwili na kukizamia.

Sisi tulikuwa na mmoja. Alikuja mara mbili kwa wiki, akakuta rundo mezani, vifua, vichwa, matumbo, mikono ya makuli wa bandarini iliyobanwa na mizigo, akasoma yote mpaka macho yakawa mekundu. Simlaumu. Alisoma alichopewa.

Aliyempa ni mimi.

Nieleze vizuri, maana vijana hawatajua. Ule ulikuwa wakati wa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na filamu za eksirei nazo zilikuwa adimu kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni. Basi mkuu wetu akatoa agizo: kila filamu ikatwe vipande viwili, na tupige pale tu palipoandikwa kwenye karatasi ya daktari. Karatasi ikisema kidole, piga kidole, achana na kiganja. Tuliingia chumba cha giza na mkasi tukakata.

Na mimi nilikata kwa fahari. Niliamini najenga taifa. Niliokoa filamu kuliko wenzangu wote, na Mei Mosi ile jina langu lilisomwa mbele za watu, nikapewa khanga doti moja na cheti. Bi Mosi alipiga vigelegele kuliko mtu yeyote.

Wiki chache baadaye akamleta Zuhura. Alikuwa na miaka kumi na miwili, amenenepa ghafla kama watoto wa umri ule, na alikuwa analalamika goti. Daktari wa zahanati aliandika neno moja: goti. Nikamlaza mezani, nikaweka nusu filamu chini ya goti, nikaugeuza mguu wake kwa ndani kidogo ili ukae sawa. Akanishika mkono.

"Dada Hawa, ukigeuza hivyo panauma huku juu," alisema, akagusa kwenye kinena.

Nilimsikia. Niliitazama karatasi, nikatazama nusu filamu. Nusu ya pili nilikuwa nimeshaipangia mtu mwingine. Nikamwambia atulie, karatasi imeandikwa goti.

Picha ilitoka safi. Daktari wetu akaandika kwamba goti ni zima, na ni kweli lilikuwa zima. Bi Mosi akafurahi, kisha akakasirika. Kwake yeye, kama goti ni zima basi mtoto ni mvivu. Akawa anamtuma kila mahali, na jioni anamchua goti kwa mafuta ya nazi na karafuu. Nilikuwa nasikia kilio cha mtoto kutoka chumbani kwangu. Sikutoka.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja Zuhura alikuwa amemshikia mama yake nafasi kwenye foleni ya sukari, watu wakasukumana, akaanguka, hakuinuka tena. Walimleta kwetu hospitali wamembeba kwenye kiti. Filamu zilikuwa zimeingia wiki ile, nzima nzima, kwa hiyo nikapiga nyonga zote mbili. Niliitoa picha kwenye maji ya dawa peke yangu. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake, na si siku ile, kilikuwa kimeteleza siku nyingi. Hata mimi nisiye daktari niliona.

Wakamfanyia walichoweza. Mguu ukabaki mfupi.

Sikumwambia mtu. Nilimpelekea uji wodini kila siku, na watu wakanisifu kwa wema wangu.

Leo daktari aliyempokea ni binti mdogo, anasoma picha za mifupa na viungo tu. Alinikuta nimesimama, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Alizikuza picha kwenye skrini, akamuuliza Zuhura ilianzaje. Zuhura akamsimulia. Yule binti akatikisa kichwa, akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto wa umri ule akilalamika goti, na goti likaonekana zima, wao hupanda juu kuitazama nyonga. Maumivu ya nyonga hushuka. Akasema wenzake wa picha za watoto hufundishwa hilo mapema mno, hata wanataniana nalo. Ingeonekana wakati ule, mfupa ungefungwa kwa msumari mahali ulipokuwa, na pengine asingechechemea.

Alikuwa anaeleza tu. Hakujua aliyekaa kwenye kile kiti ni nani.

Zuhura akacheka. "Kosa langu, mwanangu," akamwambia. "Ni mimi mwenyewe niliyesema goti."

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kuficha.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi karibu na dirisha la dawa, tukisubiri mvua ipungue. Nikamwambia. Nilimwambia yote, agizo, mkasi, nusu filamu, khanga ya Mei Mosi. Nikamwambia kwamba siku ile alisema panauma huku juu, akagusa kwa mkono wake. Yeye hakukumbuka.

"Ulinisikia?"

Nikamjibu kwamba nilimsikia.

Watu walikuwa wanaitwa majina dirishani, lake likaitwa mara mbili, hakugeuka. Kisha akasema taratibu, hata hakupandisha sauti:

"Mama alikufa akiamini ningesema vizuri nisingekuwa hivi. Siku zake za mwisho nilimwomba msamaha, dada. Nilimwomba msamaha kwa kumtaabisha."

Aliinuka mwenyewe. Nilimpa mkono, hakuushika. Alichukua dawa zake, akaita bajaji, akapanda peke yake, na mimi nikabaki pale na mwavuli wa watu wawili.

Nimerudi kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja ndipo nikakumbuka kwamba naweza kupanda gari. Nimelowa chapachapa. Nimekaa kuandika haya huku mjukuu wangu akiniletea chai na kuniuliza kama nina homa.

Najua nitakachojitetea nacho. Agizo halikuwa langu. Filamu hazikuwepo kweli. Elimu ya yule binti mimi sikuwa nayo, na nchi nzima haikuwa nayo. Yote ni kweli, na nimeyapanga vizuri kwenye benchi lile, moja baada ya jingine, mpaka nikamaliza.

Nimeyasoma tena niliyoandika hapa. Zuhura alimwomba mama yake msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mimi leo nimeeleza kila kitu, na neno hilo la msamaha sikulitamka hata mara moja.

Kesho saa tatu ana miadi na daktari wa upasuaji. Nitakwenda. Akinikatalia kuingia ndani, nitakaa nje, lakini nitalisema hilo kwanza, kabla hata ya salamu.